Frank Hornby, Karani Aliyetia Ndege Kiganjani mwa Mtoto

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu tutajapo malezi twawaza chuo, adabu na chakula, na ni nadra kuwaza kile kitu mtoto anachokishika mkononi akikaa peke yake barazani. Walakini mchezo nao ni chuo. Imepokewa katika Hadithi kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na vichezeo vyake, na kimojawapo kilikuwa farasi mwenye mbawa mbili. Mtume (S.A.W.) alipomwona farasi huyo alicheka, wala hakumkataza. Leo tumtazame Mwingereza mmoja aliyejenga maisha yake yote juu ya kichezeo. Kampuni yake ni miongoni mwa zile zilizofungua mlango wa ada iliyoenea sana huko Ulaya, ya watu wazima kukusanya ndege ndogo za vita zilizosubiwa kwa madini.

Frank Hornby alizaliwa katika mji wa bandari wa Liverpool tarehe 15 Mei 1863. Babake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Frank aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akawa mshika fedha katika biashara hiyo ya babake. Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, aliyekuwa mwalimu wa shule, wakajaliwa wana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia. Mwaka 1899 mzee alifariki, biashara ikafungwa, na Frank akaingia kazi ya karani wa hesabu kwa tajiri mmoja aitwaye David Elliott, aliyekuwa akiagiza nyama kutoka ng'ambo.

Basi hapo tuna mtu wa miaka 36, hana ufundi aliosomea, hana mali, kutwa ameinamia daftari la nyama ya watu. Lakini usiku alikuwa na karakana yake nyumbani. Huko alikata mabati kwa mkono wake akiwaundia wanawe madaraja na kreni. Taabu aliyoiona ni kwamba kila kipande kilifaa kazi moja tu, na mchezo ukiisha kipande nacho kimekwisha. Ndipo likamjia wazo ambalo ukilisikia leo utadhani ni jepesi: akate vipande vyote kwa upana mmoja wa nusu inchi, avitoboe matundu yaliyoachana kwa nusu inchi, kisha avifunge kwa skrubu na nati. Kwa njia hiyo kilicho daraja leo chaweza kufunguliwa kikawa kreni kesho, na gari kesho kutwa.

Ili kusajili haki ya uvumbuzi wake alihitaji fedha, naye hakuwa nazo. Alikopa pauni 5 kwa tajiri yake. Haki hiyo aliipata mwezi wa Januari 1901, na Elliott, alipoona kuwa karani wake si mtu wa ndoto tupu, akaingia ushirika naye na kumpa chumba kilichokuwa kitupu karibu na ofisi. Profesa Hele-Shaw, mkuu wa masomo ya uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool, alikitazama kichezeo hicho akakisifu. Mwaka 1907 Hornby alikisajili kwa jina la Meccano, jina lililokuja kujulikana duniani kote. Kampuni iliundwa mwaka 1908, na mwaka 1914 kikajengwa kiwanda kikubwa katika barabara ya Binns Road, papo hapo Liverpool.

Yafaa tuelewe siri ya kufaulu kwake. Mzazi aliyenunua sanduku la Meccano hakununua kichezeo kilichokamilika. Alinunua vipande, na kichezeo kilikuwa bado kimo katika akili ya mtoto. Mtoto alipaswa kufikiri, kupima, kukosea, kufungua na kuanza upya.

Mwaka 1920 Hornby alianza kuuza treni za kuchezea zilizobeba jina lake. Treni zilihitaji watu wa kusimama stesheni na magari ya kupita kando yake, na ndipo yalipotokea madude madogo ya kusubu, yaani madini huyeyushwa, yakamiminwa katika kalibu, yakapoa na kupakwa rangi. Mwaka 1934 yalipewa jina la Dinky Toys, na mwaka huo huo zikatoka ndege za kwanza za kuenea kiganjani. Hizo zilikuwa ndege za amani, mathalani ndege ya abiria ya shirika la Imperial Airways. Wazee wa Mombasa walilijua shirika hilo, kwani kuanzia mwaka 1937 ndege zake kubwa za kutua majini zilipita hapo katika safari za kwenda Afrika ya Kusini, na ndege ya namna hiyo nayo ilisubiwa huko Binns Road ikauzwa kwa watoto.

Hornby alikuwa amekwisha kuwa milionea. Mwaka 1931 alichaguliwa mbunge wa Everton, akaketi Bungeni hadi mwaka 1935. Maradhi ya moyo na ya sukari yalimdhoofisha, akafariki tarehe 21 Septemba 1936, akazikwa Maghull, kijiji kilicho karibu na Liverpool.

Mara tu baada ya kufa kwake dunia ikaanza kunuka baruti, na kalibu za kiwanda chake zikanuka vivyo hivyo. Mwaka 1937 zilitoka ndege mbili za kuangusha mabomu, Whitley na Fairey Battle, na baadaye Blenheim. Nyingine zilipakwa rangi za mabaka, kama zile za jeshi zilizokusudiwa kumpotosha adui. Mtoto wa Uingereza alizirusha juu ya zulia na kuzitua salama. Lakini tarehe 14 Mei 1940 ndege halisi za Battle 63 zilitumwa kupiga madaraja karibu na Sedan, Ufaransa, na 35 hazikurudi. Mwaka huo huo sisi wa pwani nasi tuliionja ladha ya ndege za namna hiyo, pale Waitalia walipoiangushia mabomu Malindi. Vita vilipozidi, kiwanda cha vichezeo kikageuzwa kutengeneza vifaa vya vita.

Si haki kumlaumu maiti kwa lile asiloliona. Hata hivyo tofauti iliyopo ni ya kuzingatiwa. Sanduku la Meccano lilimuuliza mtoto atajenga nini. Ndege ya mabomu ilimfikia ikiwa imekamilika, na swali lililobaki ni nani atakayepigwa.

Watoto wale walikua, na wengi wakarudi kuvitafuta vichezeo vyao. Makampuni mengine yakafuata njia hiyo, na leo mkusanyaji aweza kununua, mathalani, Lancaster ya kampuni ya Corgi yenye alama na namba za ndege fulani iliyoruka usiku fulani. Mkusanyaji makini husoma habari za ndege yake, na akisoma atakutana na mauti: wanajeshi 55,573 wa kikosi cha mabomu cha Uingereza walikufa katika vita hivyo, na chini ya mabomu yao, katika mji wa Hamburg peke yake mwaka 1943, waliteketea maelfu kwa maelfu ya raia, wanawake na watoto wakiwamo.

Ndege zile kongwe za Binns Road nazo zina ajali yake. Zilisubiwa kwa zinki iliyochanganywa na alumini na shaba kidogo, na mchanganyiko huo hautaki uchafu. Ikiingia risasi, ile ile wavuvi wanayotengenezea chubwi, hata kwa kiasi kidogo mno, madini huanza kuliwa kwa ndani. Miaka hupita, bawa huvimba, nyufa hutokea, na siku moja ndege humong'onyoka kabatini bila ya kuguswa na mtu. Hapana dawa, na unyevu huzidisha ugonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndege isiyopata kuona vita huangushwa na risasi iliyozaliwa nayo.

Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwezi wa Novemba 1979. Jina la Hornby lingalipo katika treni za kuchezea, na Meccano lingali likitajwa pote ambapo watoto hufunga skrubu na nati. Hilo ndilo fungu lake lililo imara zaidi. Nasi tunapowanunulia watoto wetu vichezeo siku ya Idi, tusitazame bei na mng'aro peke yake. Tujiulize pia ni kitu gani tunachokimimina katika kalibu, kwa sababu hata chembe ndogo ikiingia huko hukaa, na miaka ikipita hujidhihirisha.