Elmer Keith

Elmer Merrifield Keith (8 Machi 1899 - 14 Februari 1984) alikuwa mfugaji, mwindaji na mwandishi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa majaribio yake ya kujaza upya risasi za bastola nyumbani, ambayo yalichangia kupatikana kwa risasi ya .44 Magnum.

Maisha ya awali

Alizaliwa Hardin katika jimbo la Missouri, lakini alikulia zaidi Montana na Idaho. Akiwa na umri wa miaka 12 aliungua vibaya katika moto ulioteketeza hoteli mjini Missoula. Mkono wake wa kushoto ulipona ukiwa umepinda, ikabidi unyooshwe kwa nguvu. Hata hivyo akawa mchunga ng'ombe, mpanda farasi wakali na mpiga shabaha hodari. Mwaka 1926 alimwoa Lorraine Randall.

Hakusoma sana shuleni, na wahariri wa magazeti walipata kazi kubwa ya kusahihisha tahajia yake. Walimvumilia kwa sababu aliandika mambo aliyoyajaribu mwenyewe.

Kujaza risasi

Risasi ikishafyatuliwa, kichwa chake huruka, na baruti huungua pamoja na fataki, yaani kiwashio kidogo kilichomo kwenye kitako cha ganda. Ganda lenyewe la shaba hubaki, na linaweza kutumika tena mara kadhaa. Mtu anayejaza nyumbani huondoa fataki ya zamani, hulirudisha ganda katika kipimo chake, hutia fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha hukandamiza kichwa kipya mdomoni mwa ganda. Vichwa aliweza kuvisubu mwenyewe kwa kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina katika kalibu. (Kwa Kiswahili madini na kitu kinachofyatuliwa vina jina moja, nalo limetoka katika neno la Kiarabu la madini hayo.)

Wengi walifanya hivyo ili kuokoa fedha. Keith alitaka zaidi: alitafuta risasi ya bastola yenye nguvu ya kuangusha mnyama mkubwa, ambayo viwanda havikuwa vinaitengeneza. Tafuta hiyo ilikuwa ya hatari. Mwaka 1925 bastola yake ya Colt ya .45 ilipasuka mkononi alipofyatua risasi aliyoijaza kwa kichwa kizito kupita kiasi. Hakuumia sana, na akaandika habari za mkasa huo katika gazeti la American Rifleman.

Baada ya hapo alihamia risasi ya .44 Special. Sababu yake ilikuwa rahisi: ganda hilo ni jembamba kidogo kuliko la .45, hivyo katika silinda ya ukubwa uleule kuta za chuma zinazolizunguka huwa nene zaidi na hustahimili shinikizo kubwa. Alibuni pia kichwa kizito chenye ncha bapa na bega kali, cha takriban gramu 16, ambacho mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Magnum

Kampuni ya Smith & Wesson ilipotoa .357 Magnum mwaka 1935, Keith alikuwa mmoja wa waliochangia, ingawa sifa kubwa ni ya Philip Sharpe na Douglas Wesson. Kwa .44 alisubiri miaka 20 zaidi. Viwanda viliogopa, na kwa haki, kwamba risasi kali ingetiwa katika bastola za zamani zilizo dhaifu. Ufumbuzi ulikuwa kurefusha ganda kwa milimita 3 hivi ili lisiingie katika bastola hizo. Remington ilitengeneza risasi, Smith & Wesson bastola, na .44 Magnum ikatoka mwishoni mwa mwaka 1955. Ilikuwa kali hata kuliko ile aliyoiomba Keith. Mwaka 1964 alishiriki tena kuanzisha .41 Magnum.

Kazi nyingine na mabishano

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mkaguzi wa bunduki katika ghala la silaha la Ogden, Utah. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwinda Tanganyika, na mwaka 1968 alichapisha kitabu Safari.

Alibishana kwa miaka mingi na mwandishi Jack O'Connor, aliyependelea risasi nyepesi zenye kasi. Wengine walimwita mwongo, hasa aliposimulia kwamba alimpiga paa aliyekwisha kujeruhiwa kwa bastola kutoka umbali wa mita 550 hivi. Tawasifu yake ya mwaka 1979, Hell, I Was There!, ina jibu lake kwa watu hao katika jina lenyewe.

Mwaka 1973 alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya Outstanding American Handgunner. Mwaka 1981 alipatwa na kiharusi, akaacha kuandika, akafariki Boise, Idaho, mwaka 1984.