Kivoi wa Mwendwa: Mkamba wa Kitui aliyeijua njia ya Mombasa

Kila uchaguzi unapokaribia, hapa kwetu Mombasa neno mbara huanza kutamkwa kama tusi. Ndipo hunijia akilini Kivoi wa Mwendwa wa Kitui.

Kivoi alikuwa tajiri wa pembe za ndovu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Misafara yake ilikata nyika hadi Mombasa. Pembe zikishuka, nguo na shanga zikipanda. Tusimpambe: watumwa pia alikuwa nao. Lakini hakuwa na dola nyuma yake. Kilichombeba njia nzima ni kujuana na watu.

Mwaka 1849 alimjia mgeni Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai. Krapf alipita Kikumbulyu, ambayo leo iko Makueni, akavuka Yatta hadi Kitui. Kivoi angeweza kumfukuza au kumpora. Aliamua kumkaribisha, akamweleza habari za mlima wenye kilele cheupe, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona mwenyewe. Jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo lililoandikwa leo kwenye vitambulisho vyetu sote, wa pwani na wa bara.

Krapf alirudi 1851, na Kivoi akamchukua kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Krapf alinusurika porini, akihifadhi maji kwenye mtutu wa bunduki asife kwa kiu. Alipofika kwa jamaa za marehemu, wakamtwika lawama ya kifo ambacho hakukisababisha. Kosa lake ni kwamba alikuwa mgeni na alikuwa hai.

Wachumi wanaochunguza migogoro wanatwambia binadamu hapimi faida na hasara peke yake. Hupima pia nani ni wake na nani si wake, na hofu ikiingia, kipimo hicho cha pili hushinda. Kitui ya 1851 ilishindwa mtihani huo kwa uchungu wa msiba. Sisi hushindwa kwa maneno ya mwanasiasa tu.

Embe za Makueni na pojo za Kitui bado zinashuka Kongowea, na sisi bado tunazila. Njia ya Kivoi haijafungwa. Basi msimu huu, ndugu yangu, kabla hujamwita jirani yako mbara, kumbuka aliyekufa akimsindikiza mgeni.