Mfalme wa Maulidi na nyumba za wajane

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu msomaji, kila unapoandama mwezi wa Mfungo Sita, jina la mtu mmoja huibuka tena katika misikiti yetu. Wanaosoma Maulidi humtaja kwa kumsifu, kwamba ni mfalme mwema aliyeyafanya Maulidi kuwa sherehe kubwa ya hadharani. Wanaoyapinga nao humtaja, kwamba huyo ndiye aliyetuletea jambo hilo karne nyingi baada ya Mtume (s.a.w.). Mtu huyo ni Mudhaffaruddin Kukburi, mtawala wa Irbil, mji ulioko kaskazini mwa Iraq.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu. Nimesikia mjadala huo tangu nikiwa mwanafunzi, nikaushiriki nikiwa chuo kikuu, na hata leo wanafunzi wangu huniuliza niko upande gani. Katika makala hii sitaujibu, wenye elimu zaidi yangu wameshauandikia vitabu. Nataka nieleze jambo jingine katika maisha ya mfalme huyu, ambalo pande zote mbili hulipita. Mtu huyu aliwajengea nyumba watu wasiokuwa na pa kulala.

Sababu ya kuliandika ni hii. Mwaka huu kijana mmoja katika darasa langu alianza kusinzia kila siku kipindi cha kwanza. Nilimkaripia mara mbili. Mara ya tatu nilimwita pembeni, ndipo nikajua kwamba baba yake amefariki, mama yake amemaliza eda, na ndugu wa marehemu wamekwisha kuiuza nyumba. Mama na watoto wanne wanalala sebuleni kwa jamaa, na hawawezi kulala mpaka wenye nyumba wamalize kutazama televisheni. Mke ana haki yake ya thumni katika mirathi na watoto wana haki zao, lakini hakuna aliyezigawa. Chumba cha kupanga mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nililipeleka suala hilo msikitini. Tulimpa mama yule mchele, mafuta na sukari. Ama kuhusu chumba, tuliambiwa msikiti hauna fungu hilo. Wiki ileile jioni mbili ziliishia katika kubishana juu ya mfalme wa Irbil.

Yatima aliyetolewa nyumbani

Mudhaffaruddin alizaliwa Mosul mwaka 549 Hijria, sawa na 1154 Miladia. Jina la Kukburi ni la Kituruki, maana yake ni mbwa mwitu wa rangi ya buluu. Baba yake, Zaynuddin Ali, ndiye aliyekuwa akiitawala Irbil. Alipofariki mwaka 563 Hijria (1168), kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 14. Alirithi cheo cha baba yake, lakini hakudumu nacho. Msimamizi wa dola, Mujahiduddin Qaymaz, alimwondoa na kumweka mdogo wake, Yusuf. Kijana akatoka katika mji wa baba yake, akaenda Baghdad, hakupata alichokitaka, akarudi Mosul. Huko mtawala wake alimpa mji wa Harran aushike.

Sidai kuujua moyo wa mtu aliyekufa karibu miaka 800 iliyopita. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba mtu huyu alifiwa na baba angali mdogo, kisha akatolewa nyumbani kwao. Shida hiyo hakuisoma kitabuni.

Baadaye alijiunga na Salahuddin Ayyubi. Salahuddin alimwongezea mji wa Ruha, na akamwoza dada yake, Rabia Khatun. Bibi huyu naye alikuwa mjane, mume wake wa kwanza alifariki mwaka 581 Hijria. Mudhaffaruddin alipigana pamoja na Salahuddin katika vita vya Hittin mwaka 583 (1187), vita vilivyofungua njia ya kurudi kwa Bait al-Maqdis mikononi mwa Waislamu. Miaka mitatu baadaye, Waislamu wakiwa katika mapambano ya Akka, mdogo wake Yusuf alifariki. Mudhaffaruddin akamwomba Salahuddin ampe Irbil, naye akairudisha miji yake mingine. Hivyo mwaka 586 Hijria (1190) alirudi katika mji alikofukuzwa, akautawala kwa zaidi ya miaka arobaini mpaka alipofariki.

Nyumba za Irbil

Habari za aliyoyafanya huko tunazipata zaidi kwa Ibn Khallikan, mwanahistoria mashuhuri. Yeye alizaliwa Irbil mwaka 608 Hijria (1211), na baba yake alikuwa mwalimu katika madrasa ya mfalme huyo. Kwa hiyo anaandika mambo ya mji aliokulia, na hafichi kwamba familia yake ilitendewa wema na mfalme.

Anaeleza kwamba Mudhaffaruddin alijenga nyumba nne za vipofu na watu wenye maradhi ya kudumu. Zilijaa watu wa aina hiyo, na kila siku waliwekewa mahitaji yao. Akajenga nyumba ya wanawake wajane. Akajenga nyumba ya watoto yatima. Akajenga nyumba ya watoto wa kuokotwa, wale wanaoachwa njiani bila ya baba wala mama kujulikana, na humo akaweka wanawake wa kunyonyesha. Kila mtoto aliyeokotwa alipelekwa pale akanyonyeshwa. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mtoto ambaye jamii nyingi hata leo humnyooshea kidole kwa kosa asilolitenda, alikuwa na nyumba yake na mlezi wake.

Kulikuwa pia na hospitali, na nyumba ya wageni. Usidhani ni gesti ya kulipia kama hizi zetu. Aliyefika Irbil, awe mwanachuoni au fukara, aliingia bila kuzuiwa, akapewa chakula cha mchana na cha usiku, na alipotaka kuondoka alipewa fedha za njiani kwa kadiri ya hali yake. Ibn Kathir amenukuu kwamba nyumba hiyo peke yake ilitumia dinari 100,000 kwa mwaka. Yeye huyohuyo ametaja dinari 300,000 za Maulidi na 200,000 za kuwakomboa mateka wa Kiislamu waliokuwa mikononi mwa Wafaranki wa msalaba. Pia Mudhaffaruddin aligharimia kufikishwa kwa maji Arafa na kujengwa mabirika huko, ili mahujaji wasipate kiu.

Hata hivyo, kwangu mimi jambo kubwa si hesabu ya dinari. Kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya Alasiri, mfalme huyu alikwenda mwenyewe katika nyumba za vipofu na wagonjwa. Aliingia chumba kwa chumba, akamuuliza kila mmoja hali yake, akampa kitu, akamtania kidogo ili moyo wake uchangamke, kisha akahamia chumba cha pili mpaka awamalize wote. Nyumba za wajane, yatima na watoto wa kuokotwa nazo alizitembelea, akauliza kilichopungua, akaongeza juu ya kile kilichokwisha kupangwa. Mtu mwenye jeshi na makatibu angeweza kutuma mjumbe.

Imesimuliwa pia kutoka kwa mkewe, Rabia Khatun, kwamba kanzu ya mumewe ilikuwa ya kitambaa kigumu kisichofika dirhamu tano. Alipomlaumu, mume alimjibu kwamba kuvaa nguo ya dirhamu tano na kuitoa sadaka fedha iliyobaki ni bora kwake kuliko kuvaa ya thamani na kumwacha masikini.

Upande wa pili

Ningeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa tamu. Lakini historia ni amana. Yaqut al-Hamawi, mtaalamu wa jiografia aliyeishi zama hizohizo, ameandika kuhusu Irbil na mtawala wake, na maneno yake ni mazito. Anasema tabia za mtawala huyu ziligongana. Kwa upande mmoja aliwakirimu mafukara na wageni na kuwakomboa mateka. Kwa upande mwingine aliwadhulumu raia wake na kuchukua mali kwa njia isiyo ya haki.

Mashahidi wawili wa zama moja. Mmoja alikulia katika neema ya mfalme, mwingine hakuwa na deni naye. Baadhi yetu hupenda kuchagua shahidi mmoja na kumficha wa pili, kulingana na tunavyoyaona Maulidi. Mimi naona wote wawili wasikilizwe. Inawezekana kabisa mtu yuleyule akawajengea wajane nyumba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukachukua shamba la mtu mwingine. Na kama ndivyo ilivyokuwa, mjane aliyepata chumba alipata kweli, na mkulima aliyedhulumiwa alidhulumiwa kweli. Sadaka haifuti haki ya mtu mpaka mwenyewe arudishiwe.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Tunao wenzetu wanaotoa saruji na mazulia misikitini, na ndio haohao wanaomtoa mjane katika nyumba ya marehemu ndugu yao. Tunao wenye nyumba za kupangisha wanaosali safu ya mbele, lakini hawataki kusikia habari ya kupokea kodi mwezi kwa mwezi. Simnyooshei mtu kidole. Kila mmoja wetu ajikague alipo.

Mudhaffaruddin alifariki katika Ramadhani ya mwaka 630 Hijria (1233), akiwa na zaidi ya miaka 80 kwa hesabu ya Hijria. Alikuwa ameusia azikwe Makka, na mwili wake ukapelekwa pamoja na msafara wa mahujaji. Msafara wa mwaka ule haukufika, ulirudi njiani, naye akazikwa Kufa. Mtu aliyewapelekea maji watu wa Arafa hakupata kaburi karibu na Arafa. Hakuacha mtoto wa kiume wa kumrithi, na Irbil ikaingia mikononi mwa Khalifa wa Baghdad. Miaka michache baadaye Wamongoli wakauvamia mji na kuupora. Hadi leo mnara unaonasibishwa naye umesimama Irbil, lakini zile nyumba hazipo tena.

Somo kwetu

Waislamu tusidhani kwamba jambo hili linahitaji mfalme. Kabla ya Mudhaffaruddin kuzaliwa, Swahaba Zubayr bin Awwam (r.a.) alikwisha kuweka nyumba zake wakfu, kwa sharti kwamba binti yake atakayeachwa na mumewe akae humo bila kudhuru wala kudhuriwa, na akiolewa tena haki hiyo inakoma. Huyo ni baba aliyefikiri mapema binti yake atalala wapi siku ndoa itakapovunjika. Wazee wetu wa Pwani nao waliijua njia hii. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi za wakfu, na ziko zilizokuwa hifadhi ya masikini.

Kinachotukosesha si elimu wala dalili. Tumezoea kuiona sadaka kuwa ni chakula na nguo tu. Mchele tunaujua, futari tunaijua, sare za yatima tunazijua. Lakini mjane aliyepewa mchele akakosa jiko la kuupikia amesaidiwa nusu. Mtoto aliyenunuliwa daftari akakosa pa kulala atasinzia darasani, na mwalimu asiyejua, kama mimi, atamkaripia.

Ninalopendekeza ni dogo. Kila msikiti uwe na chumba kimoja, kiwe cha kujengwa au cha kupangwa, kwa ajili ya mjane au familia iliyotolewa nyumbani, kwa muda maalumu mpaka wajipange. Kiwe wakfu kwa maandishi, chenye wasimamizi na hesabu, ili kisife pamoja na aliyekianzisha kama zilivyokwisha nyumba za Irbil. Pili, kamati ya msikiti imsindikize mjane katika kudai mirathi yake, maana wengi hutolewa katika nyumba ambazo wana fungu ndani yake. Wanaosoma Maulidi na wasiosoma wanaweza kulifanya hili pamoja, kwa kuwa hakuna kati yetu anayesema kumhifadhi mjane ni uzushi.

Ama yule mama, walimu wachache tulichangishana tukamlipia chumba miezi mitatu. Mwenye nyumba alikubali, Allah amlipe kheri. Miezi hiyo inakwisha hivi karibuni, na suala la mirathi bado halijafika popote. Na hapa sina budi kusema ukweli juu ya nafsi yangu. Fedha zile nilizituma kwa mkono wa mwanafunzi, na mpaka ninapoandika makala hii sijakwenda kuwatazama, ijapokuwa si mbali na ninaposali. Nimeyasoma ya Mudhaffaruddin na ziara zake za Jumatatu na Alhamisi, nimeyafundisha, na sasa nimeyaandika. Alhamisi hii baada ya Alasiri nitakwenda, insha'Allah, pamoja na mjumbe mmoja wa kamati, ili aione hali kwa macho yake.

Tumuombe Allah (s.w.) amsamehe Mudhaffaruddin pale alipokosea, amlipe pale alipofanya wema, na atujaalie tusiwe watu wa kuyajadili mema ya waliopita huku majirani zetu wakikosa pa kulala. Amin.