Mfahamu Hugh Trowell, daktari wa Mulago aliyekubali kubadili jina la ugonjwa

Mkoa wetu wa Katavi unalima mahindi na mpunga, una dagaa wa Ziwa Tanganyika na mifugo mingi. Hata hivyo, bado wapo watoto wanaolazwa hospitalini kwa utapiamlo mkali. Wengine hufika miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, na mtaani tayari wamepewa jina: wamebemendwa. Jina hilo humtupia mama au baba lawama, na mtoto hucheleweshwa nyumbani kwa dawa za kienyeji.

Katika makala haya tunakuletea maisha ya daktari ambaye naye alianza kwa kuuita ugonjwa huu jina lisilo lake.

Hugh Carey Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904 na kusomea udaktari katika hospitali ya St Thomas', London. Mwaka 1929 aliingia Kenya kama daktari wa serikali ya kikoloni, akiwa na mkewe Margaret, ambaye baadaye alianzisha shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1935 walihamia Uganda. Huko Trowell alitibu wagonjwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuwafundisha madaktari wa Kiafrika.

Wodini alikutana na watoto waliovimba, ngozi inabanduka, hawataki kula wala kucheza. Wengi walikufa. Mwaka 1937 aliandika kwamba watoto hao wana pelagra, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa aina moja ya vitamini. Akawapa vitamini, lakini hazikuwaponya.

Wakati huohuo, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alikuwa amekataa maelezo hayo. Mwaka 1935 aliutangaza ugonjwa kwa jina walilolitumia Waga wa huko: kwashiorkor. Ni maradhi yanayompata mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapokuja, akabaki na uji mtupu wa mahindi. Sisi tunayaita kwashakoo.

Trowell hakung'ang'ania jambo lake. Mwaka 1945, pamoja na daktari wa Uganda aitwaye Muwazi, aliandika upya kuhusu watoto wa Mulago na kuliweka tatizo kwenye lishe kwa ujumla. Mwaka 1948 mwenzao J.N.P. Davies, aliyechunguza miili ya waliofariki, alionyesha kwamba kongosho, kiungo kinachosaidia kumeng'enya chakula, huharibika. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Rex Dean walitoa kitabu walichokiita Kwashiorkor, na jina alilokuwa amelikataa likawa kwenye jalada lake.

Matibabu nayo yalibadilika, maziwa yakawa ndiyo dawa. Lakini mtoto asiyetaka kula hayanywi mwenyewe, hivyo kazi ikawa ya wauguzi: kumnywesha kidogo kidogo, na anaposhindwa, kumpitishia maziwa kwa mpira mwembamba puani. Mwaka 1965 Mulago ikapata kituo cha Mwanamugimu, ambako mama hufundishwa kupika chakula cha mtoto kwa vyakula vya kwao. Jina hilo limetokana na methali ya Kiganda inayosema mtoto mwenye afya hutoka kwenye mbeleko.

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana kwao Uingereza. Baadaye alirudi kwenye utafiti na, pamoja na Denis Burkitt waliyefahamiana Uganda, akaandika juu ya faida za nyuzinyuzi kwenye chakula. Alifariki mwaka 1989.

Sayansi haikuishia kwake. Wakati wake iliaminika kwamba tatizo ni upungufu wa protini tu. Leo inajulikana kwamba mambo ni mengi zaidi, na kwamba mwili uliodhoofika ukishindiliwa chakula ghafla unaweza kuzidiwa na mtoto akafa. Ndiyo maana mtoto aliyelazwa huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, yenye protini kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Muuguzi humfunika asipate baridi, huangalia sukari yake isishuke, humpa dawa za maambukizi, humpima uzito kila siku na kuandika kila kikombe alichomaliza. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukipungua, huhamishiwa chakula chenye nguvu zaidi. Kwa hiyo, mzazi ukiona kikombe ni kidogo, usidhani mtoto ananyimwa, na usimwongezee ugali kwa siri.

Nyumbani, bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu, kisha achia. Kishimo kikibaki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kama ana miezi 6 hadi 59 na mhudumu wa afya akapima mkono wake wa juu ukawa chini ya sentimita 11.5.

Trowell alikuwa daktari msomi na aliliacha jina lake la kwanza alipoona watoto hawaponi. Nasi Katavi tunaweza kuacha neno kubemendwa, tukamwahisha mtoto wodini, na baada ya kuruhusiwa tukamwongezea dagaa, maharage, karanga na maziwa kwenye sahani yake.