Gwyneth Bebb na Ada Iliyorudishwa

Wapo wanaofeli mtihani, na wapo waliokatazwa hata kuufanya. Gwyneth Bebb alikuwa wa kundi la pili.

Alizaliwa Oxford mwaka 1889, akasomea sheria huko huko, na mwaka 1911 akapata daraja la kwanza. Shahada hakupewa, Oxford haikuwatunuku wanawake shahada hadi 1920. Akaazimia kuwa solisita, yaani wakili wa ofisini. Njia ilijulikana: mtihani wa awali, uanagenzi wa miaka 5 chini ya wakili (miaka 3 kwa mwenye shahada), mtihani wa kati, kisha wa mwisho. Waliong'ara walishindania heshima na zawadi.

Mwaka 1912 yeye na wenzake watatu waliomba kufanya mtihani. Chama cha Mawakili kikamrudishia ada yake: hata akifaulu, hatasajiliwa. Akakishtaki. Sheria ya 1843 ilisema "mtu", na mwaka 1913 mahakama, mpaka ya rufaa, ikaamua kwamba mwanamke hamo katika neno hilo. Hoja yenyewe? Hajawahi kuwapo wakili mwanamke. Mnaosoma sheria, ipimeni wenyewe.

Bunge liliondoa kizuizi Desemba 1919. Bebb akajiunga na Lincoln's Inn kusomea ubarista, lakini Oktoba 1921 akafariki baada ya kujifungua, akiwa na miaka 31.

Mwaka 1922 wanawake wanne walifaulu mtihani wa mwisho wa masolisita. Mmoja wao, Maud Crofts, ndiye yule Maud Ingram aliyeomba pamoja naye mwaka 1912.