Selous: Mwindaji aliyefunzwa kiasi na baruti

WAZEE wetu wa pwani walikuwa na neno moja walilolitumia kwa mambo mawili. Kiasi ni kipimo cha kitu chochote, kiwe mchele au chumvi. Kiasi pia kilikuwa ile risasi kamili, yenye ganda, fataki na baruti ndani yake. Mtu akisema kuwa amebakiwa na viasi vitatu, aliyemsikia alijua mara moja kwamba ni habari za bunduki. Walioyaweka mambo haya mawili katika neno moja hawakukosea, maana baruti isiyopimwa humgeukia mwenyewe.

Mmoja aliyelipata somo hilo kwa damu ya uso wake ni Frederick Courteney Selous, Mwingereza aliyekuwa mwindaji mashuhuri mno katika Afrika ya zama zake, na ambaye mifupa yake imelala Beho Beho, karibu na mto Rufiji, nchini Tanzania. Huenda msomaji umelisikia jina lake kwa sababu ya lile pori kubwa la wanyama lililoitwa kwa jina hilo. Leo na tuyatazame maisha yake, na hasa ile konzi ya baruti iliyomwachia alama mpaka kufa.

Mtoto wa tajiri

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba, 1851. Baba yake alipata kuwa mwenyekiti wa Soko la Hisa la London, kwa hiyo mtoto hakulelewa katika dhiki. Hata hivyo moyo wake ulikuwa porini tangu udogoni, kwa kusoma vitabu vya wasafiri wa Afrika. Husimuliwa kwamba alipokuwa shuleni, mwalimu alimkuta usiku mmoja amelala sakafuni ilhali kitanda kipo, naye akaeleza kuwa anajizoeza kulala chini kwa ajili ya siku zake za uwindaji.

Mwezi wa Januari, 1867, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa miongoni mwa umati uliokuwa ukiteleza juu ya ziwa lililoganda katika bustani ya Regent's Park. Barafu ilipasuka, na watu 40 walipoteza maisha. Selous alijilaza kifudifudi, akatambaa polepole juu ya vipande vya barafu mpaka nchi kavu. Kijana huyo alikwisha kujua kutulia pale wengine wanapotapatapa.

Septemba 1871 alishuka Port Elizabeth, Afrika Kusini, akiwa na miaka 19 na pauni 400. Alikuwa na bunduki nzuri ya kisasa, ya kutilia risasi kwa nyuma, lakini iliibiwa njiani alipokuwa akielekea kwenye machimbo ya almasi. Mtu aliyekusudia kuishi kwa kuuza pembe za ndovu alijikuta hana silaha. Akatafuta alichoweza kukipata, na alichokipata ni bunduki mbili za kushindilia zilizotoka kwa Isaac Hollis wa Birmingham. Zilikuwa za bei nafuu, na kwa asili ziliundwa kwa kupigia mabata.

Konzi badala ya mizani

Bunduki hizo zilikuwa na uzito wa karibu kilo 6 kila moja. Tonge lake la risasi lilikuwa la mviringo, lenye uzito wa kama gramu 113, sawa na ndimu ndogo mkononi lakini zito kama jiwe. Baruti aliyoitumia ilikuwa ile ya biashara, ya rahisi, iliyouzwa kwa vifuko. Selous aliitia katika mfuko wa ngozi na kuuning'iniza ubavuni. Alipotaka kushindilia alitumbukiza mkono mfukoni, akatoa konzi moja, akaimimina mtutuni, akafuatisha tonge la risasi, akasukuma kwa mdeki, akaweka fataki, tayari. Konzi hiyo ilikuwa na kama gramu 35 za baruti. Hapakuwa na mizani wala kibaba. Kipimo kilikuwa kiganja chake, naye akishindilia huku akikimbia nyuma ya ndovu aliyejeruhiwa.

Akiwa na silaha hizo alifika mwaka 1872 kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimcheka kijana huyo asiye na ndevu, akamwuliza kwa dhihaka kama hakuja kuwinda vijipaa vidogo. Mwishowe alimruhusu aende atakako, pengine akidhani kuwa ndovu watamrudisha upesi. Katika misimu mitatu Selous aliua ndovu 78 kwa bunduki zile mbili, na wote isipokuwa mmoja aliwapiga akiwa kwa miguu, kwa sababu nchi ile ilikuwa na mbung'o ambao huua farasi.

Lakini kila kitu kina bei yake. Siku moja alimlenga ndovu, akavuta mtambo, na fataki ikaalika tu, bunduki isilie. Aliyekuwa akimbebea bunduki alipoipokea alidhani imekwisha kulia. Naye kwa bidii ya kazi yake akaishindilia upya: konzi ya pili ya baruti juu ya ile ya kwanza, na tonge la pili la risasi. Hakuna aliyetambua. Selous aliipokea, akalenga, akavuta.

Safari hii ililia. Selous aliinuliwa juu, akageuka hewani, akaanguka uso mchangani. Bunduki iliruka nyuma yake kupitia juu ya bega. Kitako chake kilikuwa kimefungwa kwa ngozi mbichi ya ndani ya sikio la ndovu, ambayo ikikauka hukaza kama chuma, na pamoja na hivyo kilivunjika vipande vipande. Damu zilimchuruzika usoni na mkono wa kulia haukuinuka. Jeraha la shavuni lilipona, alama ikabaki.

Kovu la shavuni ndilo lililoonekana na watu. Lakini lilikuwapo jingine lisiloonekana. Selous mwenyewe alikiri baadaye kwamba mateke ya bunduki zile yaliharibu mishipa yake ya fahamu, akawa hana tena shabaha ya kutulia, na kwamba alijuta kuzishika. Watu waliomtukuza kama mpiga bunduki asiye na kifani hawakupenda kuamini jambo hilo, lakini yeye hakulificha.

Kupima kwa gramu

Baadaye aliziacha bunduki za kushindilia. Katika miaka ya 1880 rafiki yake mkubwa alikuwa bunduki ya George Gibbs wa Bristol, ya risasi moja moja, yenye mikato ndani ya mtutu iliyobuniwa na Metford. Kiasi chake kilikuwa ganda la shaba lenye kati ya gramu 5 na 6 tu za baruti. Tazama tofauti hiyo, msomaji: baruti ilipungua mara sita, na bunduki ikapiga mbali zaidi na kwa uhakika zaidi.

Siri ilikuwa usawa. Katika zama zile wawindaji waliokaa porini miezi mingi, mbali na duka lolote, walijaza maganda yao wenyewe. Ganda tupu liliokotwa na kusafishwa, fataki iliyokwisha iking'olewa na mpya kutiwa. Baruti ilipimwa, kila ganda sawa na jingine. Juu yake ilikazwa risasi iliyosubiwa katika kalibu, mara nyingi ikichanganywa na bati kidogo ili iwe ngumu. Kazi hiyo haikutaka haraka. Kwa hatua 30 upungufu mdogo wa baruti hauonekani. Kwa hatua 300 risasi hushuka, na mnyama aliyelengwa moyoni hupigwa tumboni akaenda kufia kichakani kwa mateso. Mnyama naye ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, na mwindaji mwenye haya hamfanyii hivyo.

Tangu Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi mwaka 1884, jambo hili lilizidi uzito. Baruti hiyo ina nguvu nyingi katika kiasi kidogo. Kosa lililomvunjia Selous kitako na kumchana shavu, likifanywa kwa baruti ya siku hizi, laweza kuupasua mtutu wenyewe na kumwua aliyeushika.

Selous alijua pia maana ya kuhesabu. Julai 1888, kaskazini ya mto Zambezi, kambi yake ilishambuliwa usiku na Waila. Watu wake 12 waliuawa. Yeye alitoroka gizani na bunduki moja na viasi 4 tu. Siku chache baadaye hata bunduki hiyo akaibiwa kijijini. Aliokoka kwa kutembea usiku na kujificha mchana.

Mwongozaji wa wakoloni

Si haki kumsifu mtu tukaficha mengine. Mwaka 1890 Selous aliongoza msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes ulioingia Mashonaland, kwa kuwa hapakuwa na Mzungu aliyezijua njia za nchi ile kama yeye. Alizijua kwa sababu Lobengula, yule yule aliyemcheka, alimruhusu kupita. Mwaka 1893 alipigana upande wa kampuni katika vita vilivyomwondoa Lobengula katika ufalme wake. Njia za ndovu zikawa njia za kunyang'anya watu ardhi.

Mombasa nayo ilimwona. Tarehe 21 Aprili, 1909, alishuka hapa pamoja na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani, na ambaye Selous alimsaidia kuipanga safari yake ya uwindaji. Alirudi tarehe 4 Mei, 1915, safari hii akiwa askari wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, mwenye umri wa miaka 63. Mwanzoni Serikali yake ilimkataa kwa uzee. Vijana wengi wa kikosi chake waliangushwa na homa, yeye akaendelea kutembea.

Vita hivyo navyo vilirudi kwenye kazi ya kujaza viasi kwa mkono. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyoleta silaha, ilipigwa na Waingereza katika ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga. Risasi zilizoopolewa zilikuwa zimeingiwa na maji ya bahari. Kwa miezi mingi watu walikaa Moshi wakizifungua maelfu kwa maelfu, wakisafisha baruti, wakibadilisha fataki na kuzifunga tena. Hata zile zilizochaguliwa kwa vita, kama moja katika kila tano ilikataa kulia.

Tarehe 4 Januari, 1917, Selous aliongoza watu wake huko Beho Beho dhidi ya jeshi la Wajerumani, akapigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 65. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 4 Januari, mwanawe Freddie, aliyekuwa rubani, naye aliuawa vitani. Na tusisahau maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa kwa maradhi na njaa katika vita hivyo bila ya kuandikiwa majina. Wao wamebakiwa na neno Kariakoo tu.

Mwaka 1922 Waingereza waliliita pori lile Selous. Mwaka 2019 Tanzania ilikata sehemu kubwa yake, likiwamo kaburi la Beho Beho, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika miaka ya 1970 ndovu wa pori hilo walikuwa zaidi ya 100,000. Walipohesabiwa mwaka 2013 walibaki kama 13,000, kwa sababu ya majangili wenye bunduki nzuri kuliko zote alizopata kushika Selous.

Selous alijifunza kupima baruti baada ya kuchanwa shavu. Waliofuata baada yake walikuwa na viasi vilivyopimwa kiwandani kwa mashine, lakini kuua kwao hakukuwa na kiasi.