Epicurus, Mwalimu wa Bustani

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17, twasoma ya kwamba Paulo alipokuwa Athene alikutana na baadhi ya Waepikureo na Wastoiko. Wengi wetu husoma majina hayo na kupita. Leo twataka kusimulia habari za yule ambaye Waepikureo waliitwa kwa jina lake.

Epicurus alizaliwa katika kisiwa cha Samos mwaka 341 kabla ya Kristo. Wazazi wake walikuwa watu wa Athene, na baba yake, Neocles, alikuwa mwalimu wa shule. Alipopata miaka 18 alikwenda Athene kutumika uaskari, kama ilivyowapasa vijana wa mji ule. Baadaye alifundisha Mytilene na Lampsacus; na karibu mwaka 306 akarudi Athene, akanunua nyumba yenye bustani. Ndipo shule yake ikaitwa Bustani. Humo walipokewa hata wanawake na watumwa, jambo lililowashangaza wengi siku zile.

Alifuata fundisho la Democritus, aliyemtangulia, ya kuwa vitu vyote vimefanyizwa kwa atomi, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana wala kugawanyika, ziendazo katika nafasi tupu. Zikiungana, kitu hutokea. Zikiachana, kitu huharibika. Hata roho ya mtu ni ya atomi, nayo hutawanyika mwili ufapo. Kwa hiyo alifundisha kwamba kifo si cha kuogopwa, maana aliyekufa hasikii uchungu. Tena kwamba miungu ipo, lakini haijishughulishi na wanadamu. Hekima kwake ilikuwa dawa ya hofu, na heri ilikuwa mwili usio na maumivu na moyo usio na fadhaa.

Adui zake walimsingizia ulafi, na hata leo jina lake hutumika kwa watu wapendao anasa. Lakini yeye aliridhika na mkate na maji, na jibini kidogo ilikuwa karamu kwake. Karibu mwaka 295 Demetrius alipouzingira mji na njaa ikazidi, yasimuliwa kwamba Epicurus alihesabu maharagwe na kuwagawia wanafunzi wake.

Alikufa mwaka 270 kwa ugonjwa wa mawe ya figo, baada ya kuugua siku 14. Katika maumivu yale aliandika barua kumweleza rafiki yake ya kuwa furaha ya kukumbuka mazungumzo yao inashinda uchungu. Katika wasia wake aliwaweka huru baadhi ya watumwa wake, akaagiza watoto wa rafiki yake Metrodorus, aliyekwisha kufa, watunzwe.

Miaka mia tatu na zaidi ikapita, na Paulo akahubiri katika mji uo huo habari za Mungu asiye mbali na kila mmoja wetu, na za ufufuo wa wafu. Wengine wakadhihaki. Sasa twafahamu kwa nini neno lile lilikuwa zito kwa watu waliofundishwa kwamba roho hutawanyika. Epicurus aliwafariji watu kwa kuwaambia kwamba baada ya kifo hakuna kitu. Paulo aliwaletea tumaini. Lakini sisi tufundishao tusimsingizie Epicurus kama adui zake walivyofanya. Ampingaye mtu kwa haki hulijua kwanza neno lake na mwenendo wake.